Sekunde Sita za Kuvuka Kosele

Anayesafiri kwa matatu kutoka Kisumu kwenda Kisii huipita Kosele bila hata kujua jina lake. Akishavuka daraja la Sondu, gari hupanda na kushuka vilima vya Rachuonyo Kusini, vituo vya soko hupokezana kando ya lami, makanga huwaambia abiria wa Oyugis wajitayarishe, na Kosele imeshabaki nyuma. Kwa abiria yule ni maduka machache, vijana wa bodaboda waliojikusanya kivulini na akina mama walioketi nyuma ya mafungu ya viazi vitamu. Kwa wakazi, lami hiyohiyo ndiyo njia ya shule, ya kanisa, ya zahanati na ya mashine ya kusaga unga. Ndiyo pia njia ya kwenda kuzika. Hakuna siku wanayoweza kuikwepa.

Barabara yenyewe ni ile A1, inayoanzia mpaka wa Tanzania pale Isebania, ikapita Migori, Awendo, Rongo, Kisii na Oyugis hadi Ahero na Kisumu, kisha ikaendelea kaskazini mpaka Kitale na Lodwar. Juu yake kuna trela za kuvuka mpaka, mabasi ya usiku ya Nairobi, malori ya mchanga, matatu, Probox zilizojaa kupita kiasi na pikipiki zisizohesabika. Mwaka wa 2016 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kipande cha Isebania, Kisii hadi Ahero, takriban kilomita 172. Ulikuwa mradi uliohitajika. Viazi vitamu vya Kabondo na ndizi za Kisii zinafika Kisumu na Nairobi kabla hazijaharibika, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya rufaa hatingishwi tena na mashimo njia nzima. Hakuna mtu wa Rachuonyo anayetaka kurudi kwenye mashimo yale.

Lakini lami laini ina tabia yake. Ikikosa kitu cha kumzuia dereva, mwendo hupanda wenyewe, na anayeulipia mwendo huo mara nyingi si yule aliye ndani ya gari.

Msikilizaji, fuata hesabu hii ndogo. Lami ya barabara yenye njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, huwa na upana wa kama mita 7. Mtu mzima asiye na mzigo hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 6 hivi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Katika zile sekunde 6 litakuwa limesogea mita 133, yaani urefu wa uwanja mzima wa mpira na ziada. Sasa mtwishe anayevuka ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, au mpe umri wa miaka 75 na bakora mkononi. Sekunde 6 zinakuwa 9, na ili avuke salama gari lile linatakiwa liwe umbali wa mita 200 wakati anapoinua mguu wa kwanza. Kwenye nchi ya vilima, mita 200 za kuona mbele hazipatikani kila mahali. Gari huibuka mgongoni mwa kilima, na bibi tayari yuko katikati ya barabara.

Sheria imeliona jambo hili kwa muda mrefu. Sheria ya Trafiki ya Kenya, sura ya 403, inamzuia dereva kuzidi kilomita 50 kwa saa anapopita katika kituo cha biashara au mji. Wengi hudhani kikomo hicho kimewekwa ili polisi wapate mahali pa kusimamisha magari. Lakini tofauti kati ya 50 na 80 ni kubwa kuliko inavyosikika. Dereva makini anayekwenda 50 kwenye lami kavu akiona mtoto amechomoka ghafla, atahitaji sekunde moja hivi kutambua na kukanyaga breki, na gari litasimama baada ya mita 28 au karibu na hapo. Akiwa na 80 atahitaji mita 58 hivi. Mtoto aliye umbali wa mita 40 ataponea mbele ya dereva wa kwanza. Mbele ya wa pili atagongwa, na atagongwa na gari lenye kasi bado. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari, mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari yake ya kufa huongezeka mara 4 na nusu. Kilomita 15 tu za ziada, ambazo dereva hazihisi hata kwenye usukani.

Mwaka wa 2023 Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ilihesabu watu 4,324 waliouawa katika barabara za Kenya. Mwaka mmoja kabla walikuwa 4,690. Kila mwaka, zaidi ya theluthi moja ya hao huwa ni watembea kwa miguu, na hakuna kundi lingine la watumiaji wa barabara linalopoteza watu wengi kuliko wao. Hata hesabu hiyo huenda ni ndogo. Kwa mwaka wa 2016 takwimu rasmi zilikuwa vifo 2,965, lakini Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa idadi halisi ilifika 13,463. Sababu moja si ngumu kuielewa: aliyegongwa leo, akalazwa, akarudishwa nyumbani na kufariki baada ya majuma kadhaa, huzikwa akihesabiwa kuwa mgonjwa. Daftari la polisi linakuwa limeshafungwa zamani.

Duniani kote barabara huua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka. Wa kwanza anayejulikana kwa jina miongoni mwa waliogongwa na gari la petroli Uingereza alikuwa Bridget Driscoll, mwanamke aliyekuwa akitembea London tarehe 17 Agosti 1896. Gari lililomuua linasemekana lilikuwa likienda mwendo ambao leo baiskeli ingelipita. Ofisa aliyechunguza kifo chake alieleza matumaini kwamba jambo la namna hiyo halitatokea tena.

Tuje kwenye baiskeli, maana Nyanza na Magharibi ni nchi ya baiskeli. Biashara ya bodaboda yenyewe ilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia na Malaba, katika miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizobeba watu na bidhaa kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine. Kisumu na miji ya jirani iliishi kwa baiskeli hizo kwa miongo mingi, hadi serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka wa 2008 na injini zikachukua nafasi ya miguu. Leo abiria anapanda pikipiki, lakini mizigo mingi bado iko kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi yenye kerieri pana ya chuma: makaa, mitungi ya maji, mikungu ya ndizi, viazi.

Mtazame kwa karibu mtu anayetoka shambani na gunia la viazi vitamu. Gunia limelazwa juu ya kerieri na kufungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, ikavutwa mpaka ikanywea. Uzito wote uko nyuma, kwa hiyo gurudumu la mbele limekuwa jepesi na usukani unacheza. Anaendesha kwenye ukingo wa kushoto wa lami, sentimita chache tu kutoka pale lami inapoishia. Mahali ambapo mvua imekula bega la barabara, lami inasimama juu ya udongo kama ngazi ya kiganja kimoja. Trela inapomkaribia kwa nyuma na kupiga honi, ana mambo mawili ya kuchagua. Akibaki juu ya lami, upepo wa trela utamsukuma kwanza nje, kisha utamvuta ndani, upande wa magurudumu. Akishuka, gurudumu la mbele linaanguka kwenye udongo, na akijaribu kupanda tena kwa pembe ndogo, tairi linasugua ukingo wa lami, usukani unakataa kugeuka, na baiskeli inamlaza barabarani, mbele ya gari linalofuata. Waendesha baiskeli wenye uzoefu husimama kabisa, wakashuka, wakasukuma. Kijana anayetumwa kwa mara ya kwanza hajui.

Vifo vya waendesha baiskeli ni vichache katika takwimu za kitaifa, makumi kwa mwaka, na takwimu hizo zinaweza kumpa mtu picha ya uongo. Watu wengi wameacha baiskeli kwa hofu. Mzazi aliye na uwezo wa kumnunulia mwanawe baiskeli ya kwendea shule ya sekondari anaitazama barabara, anatikisa kichwa, anatafuta pesa za pikipiki kila asubuhi, au anamwacha mtoto aende kwa miguu kilomita 6. Hakuna ofisi inayolihesabu hilo, ingawa ni hasara ya kila siku.

Kosele, kama vituo vingine vingi vya A1, ilikua kwa kufuata barabara. Muuzaji huenda aliko mnunuzi, na mnunuzi yuko ndani ya gari. Ndiyo maana viazi, nyanya na ndizi hupangwa hatua mbili au tatu kutoka kwenye lami. Mama akikaa nyuma ya maduka, mita 50 ndani, abiria wa matatu hamwoni, na viazi vyake vinalala. Anajua hatari aliyomo kuliko mtu yeyote anayemhubiria. Kila gari linalopita linapeperusha leso yake.

Kinachoweza kutokea katika hali hiyo Kenya nzima ilikiona tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani kwenye barabara ya Nakuru na Kericho. Ilikuwa Ijumaa jioni. Lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo, likapita katikati ya magari, pikipiki, wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri usafiri. Watu 52 walikufa. Wengi wao hawakuwa wasafiri katika chombo chochote. Walikuwa wamesimama au wameketi, wakiuza au wakinunua. Baada ya maafa hayo serikali iliagiza masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe, na katika miji mingi vibanda vilibomolewa.

Agizo lile lilikuwa na nia njema, lakini ubomoaji peke yake haujawahi kuhamisha soko lolote. Baada ya majuma machache akina mama hurudi palepale, mara hii bila paa. Soko huhama pale stendi inapohama nalo. Ukijenga sehemu ya matatu kuingia nje ya lami, ikawa na choo, maji, taa na meza za wauzaji upande wa ndani, magari yakalazimika kushushia hapo, basi mnunuzi atakuwa amehamia huko na muuzaji atamfuata bila askari. Kati ya soko hilo na lami pawe na nguzo za zege ambazo gari lililokosa breki haliwezi kuzipita kirahisi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kilomita moja ya barabara kuu.

Siku mbili za juma zinahitaji kutajwa peke yake katika nchi ya Waluo: Ijumaa na Jumamosi. Ni siku za matanga. Ijumaa mwili hutoka mochari, na msafara wa magari huusindikiza kuelekea nyumbani, magari yakifuatana karibukaribu, taa zikiwaka mchana, honi zikilia, vijana wa pikipiki wakitangulia na kuzunguka. Dereva aliyeko kwenye msafara hataki kuachwa, kwa hiyo anapita kituo cha biashara kwa mwendo wa gari la mbele, si kwa mwendo wa kituo. Usiku watu hukesha, na alfajiri wanarudi makwao kwa miguu, kwa makundi, wamechoka, wamevaa nguo nyeusi, kwenye barabara isiyo na taa. Wazee wa ukoo, wachungaji na machifu wana sauti kubwa katika mipango ya mazishi kuliko polisi wa trafiki. Tangazo moja la mchungaji kabla ya mwili kuondoka, kwamba msafara utapita kila kituo taratibu, lina uzito ambao bango la NTSA halina.

Giza linaingia mapema huku karibu na ikweta, karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na saa hiyohiyo ndiyo soko linapochangamka. Walimu na wafanyakazi wanarudi, mboga inanunuliwa, samaki wa Kendu Bay wanafika, matatu zinakimbiza safari ya mwisho. Dereva anayetoka kwenye taa kali za gari lililomkabili huwa kama kipofu kwa sekunde kadhaa. Kusini zaidi, kuelekea Rongo na Awendo, kuna hatari nyingine iliyozoeleka mpaka imeonekana kuwa sehemu ya mandhari: matrekta ya miwa ya eneo la kiwanda cha Sony Sugar, yanayovuta tela ndefu zilizopakiwa juu, taa za nyuma hazipo au zimefunikwa na majani ya miwa. Trekta huenda polepole. Gari linalokuja nyuma yake linagutuka, linachomoka upande wa kulia au linapanda ukingoni kushoto, na ukingoni kushoto ndiko aliko mwenye baiskeli.

Reflekta ya nyuma haigharimu pesa nyingi. Sheria ya Kenya inadai baiskeli iwe na taa usiku, na wengi hawana. Kipande cha plastiki chekundu kilichofungwa kwenye madigadi na kitambaa chenye mistari inayong'aa kilichoshonwa kwenye mkoba wa mtoto vinaongeza sana umbali ambao dereva anaweza kuwaona. Na kwa kuwa magari Kenya hupita kushoto, anayetembea kwa miguu atembee kulia, akiyakabili magari, wakati mwenye baiskeli anakwenda kushoto pamoja nayo. Mambo haya hufundishwa shuleni na yafundishwe. Mtoto afundishwe kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Lakini mtoto wa miaka 7 hupima hatari kwa umbali wa gari na hawezi kukadiria vizuri mwendo wake. Hilo ni suala la umri, halitatuliwi kwa kiboko wala kwa wimbo wa usalama barabarani. Anayeweka jukumu lote mgongoni mwa mtoto huyo anamwomba kitu ambacho macho na akili yake bado havijakomaa kukifanya.

Dar es Salaam ilifuata njia nyingine. Shirika la Amend lilianzisha huko mpango unaojulikana kwa kifupi cha SARSAI, wa kukagua na kuboresha barabara zinazozunguka shule za msingi. Wataalamu walianza kwa kuuliza shule ni zipi watoto wake waliumia zaidi, kisha wakawafuata watoto wenyewe kwa miguu kuona wanapita wapi, wanachungulia wapi, wanakimbia wapi. Baada ya hapo wakaweka vitu vya kawaida kabisa: matuta, njia ya miguu iliyotenganishwa na magari, nguzo fupi, vivuko vya pundamilia, alama, na mahali pengine mlango mpya wa shule uliofunguliwa upande wa njia yenye utulivu. Utafiti uliolinganisha shule zilizopata marekebisho hayo na zile ambazo hazikuyapata uligundua kuwa majeraha ya watoto yalipungua kwa asilimia 26. Mwaka wa 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, Ross Prize, ya Taasisi ya Rasilimali za Dunia yenye makao Washington. Vifaa vyote vilivyotumika vinapatikana Oyugis: saruji, kokoto, rangi nyeupe, chuma.

Uholanzi, inayosifiwa leo kwa baiskeli zake, haikuzaliwa hivyo. Mwaka wa 1971 barabara zake ziliua watu zaidi ya 3,000, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye binti yake alikuwa amegongwa na kufa akiwa kwenye baiskeli, aliandika mwaka wa 1972 makala yenye kichwa kikali, akidai mauaji ya watoto yakomeshwe, na wazazi wakaingia barabarani. Walilala kwenye lami, wakafunga mitaa ili watoto wacheze. Njia za baiskeli za nchi ile zina uhusiano wa moja kwa moja na hasira ya wazazi hao.

Hasira ipo Kenya pia, nayo ina utaratibu wake uliozoeleka. Mwanafunzi anagongwa. Wanakijiji wanaziba barabara kwa mawe, matairi yanachomwa, magari yanapanga foleni pande zote mbili, polisi wanafika, naibu kamishna wa kaunti anaahidi matuta. Pengine matuta yanakuja. Pengine wakazi wanachoka kungoja, wanachanganya saruji usiku na kujenga tuta lao wenyewe, refu, kali, bila rangi wala alama. Uchungu wao unaeleweka na yeyote mwenye mtoto. Hata hivyo tuta la namna hiyo humrusha mwendesha pikipiki wa kwanza anayelikuta gizani, na mamlaka hulibomoa kwa kuwa halikuidhinishwa. Tuta zuri lina mgongo mpana ulioinuka taratibu, limepakwa rangi, lina alama mita kadhaa kabla yake, na hutanguliwa na mistari myembamba inayotetemesha gari ili dereva aamke.

Madaraja ya kuvukia kwa miguu hupendwa na wanasiasa kwa sababu yanaonekana kwa mbali na yana mahali pa kubandika jiwe la ufunguzi. Kwa Barabara ya Thika yenye njia nane yana maana, na hata huko watu wengi huvuka chini yake. Kwa kituo kama Kosele ni fedha zilizopelekwa pasipostahili. Daraja linatakiwa kuinuka zaidi ya mita 5 ili malori yapite chini. Mama mwenye gunia, mzee mwenye goti bovu na mtu wa kiti cha magurudumu wataendelea kuvuka palepale walipozoea. Kinachotakiwa ni gari lishuke mwendo, na mtu avuke akiwa ardhini.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016 zinaweka faini ya shilingi 500 kwa mtembea kwa miguu anayezuia magari kwa makusudi. Kanuni hizohizo zinamtoza dereva anayepanda na gari kwenye njia ya watembea kwa miguu shilingi 5,000, na anayezidi kikomo cha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 shilingi 10,000. Uwiano huo ni wa haki. Ugumu ni kwamba mahali pengi kwenye A1 hakuna njia ya miguu ya kupandwa, kwa hiyo kosa la pili halina mahali pa kutendekea.

Anayetaka kulidai jambo hili lazima kwanza ajue mwenye barabara, na hapa ndipo maombi mengi hupotea. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007 kazi imegawanywa. A1 iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Baadhi ya barabara za mashambani ziko chini ya mamlaka nyingine, KeRRA, na nyingine zikaenda kwa kaunti baada ya ugatuzi wa 2013. Mwakilishi wa wadi hawezi kuamuru tuta liwekwe kwenye A1, hata akiapa kwenye jukwaa la kampeni. Kwa upande mwingine, kaunti ya Homa Bay inaweza kujenga soko ndani, kuweka mlingoti wa mulika mwizi, na kuchonga njia ya miguu ya murram nyuma ya maduka, bila kugusa lami ya KeNHA.

Katika barua kwa KeNHA, malalamiko ya jumla kwamba "barabara inatumaliza" hayamsaidii mhandisi; anahitaji hesabu. Kwa kaunti, kuna kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache, na wengi wao huomba madarasa na zahanati. Ni nadra mtu kusimama akaomba mita 800 za njia ya miguu.

Wanafunzi wa gredi ya nane na mwalimu wao wanaweza kuandaa hesabu za ombi hilo kwa asubuhi moja ya siku ya shule, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili. Kundi moja lisimame mahali salama, mbali na lami, lihesabu watu wanaovuka na pale wanapovukia: mbele ya duka gani, kwenye kona ipi, watoto wangapi, wazee wangapi, baiskeli ngapi zenye mizigo. Kundi la pili lihesabu magari kwa kila dakika kumi. Kundi la tatu lipime kwa kamba mita 100 kati ya nguzo mbili za stima na kuandika sekunde ambazo kila gari linachukua kuzimaliza; gari linalotumia chini ya sekunde 7.2 limezidi kilomita 50 kwa saa. Karatasi hiyo ikapigwa muhuri wa shule, nakala moja iende kwa KeNHA, nyingine kwa ofisi ya wadi, nyingine kwa mkuu wa kituo cha polisi.